PULI ZA MIKANDA YA NAFAKA: JINSI YA KUZITUNZA NA KUTAMBUA KASORO ZAKE

Mahindi yaliyopandwa Kesses mwezi wa Machi au Aprili huvunwa toka Oktoba mpaka mwisho wa mwaka, na mara nyingi mvua haijaondoka. Hapo ndipo malori na matrekta yaanzapo kushuka kutoka Cheptiret, Tulwet na Tarakwa kuelekea maghala ya Eldoret, yakiwa yamejaa nafaka ambayo bado ina maji. Halmashauri ya Taifa ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yenye unyevu uliozidi 13.5 kwa mia. Yaliyozidi kiasi hicho hupitishwa kwanza katika mtambo wa kukaushia.

Watu wengi waliokwisha simama katika foleni hiyo wameona jinsi nafaka inavyopanda juu na kuingia ghalani pasipo kubebwa na mtu mgongoni. Inachukuliwa na mikanda mirefu ya mpira. Lakini mkanda hauendi peke yake. Unazungushwa na magurudumu ya chuma yaitwayo puli, na puli moja ikiharibika, kazi yote husimama: mtambo wa kukaushia hauna cha kukausha, ghala halipokei, na foleni ya malori hurefuka barabarani.

Kusimama huko si usumbufu wa saa chache tu. Mahindi mabichi yakikaa yamefunikwa turubai hupata joto, nayo kuvu huota. Kuvu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 sumu hiyo iliingia katika mahindi ya wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Basi fundi atunzaye puli za ghala anatunza pia chakula cha watu ambao hatawaona kamwe.

MTAMBO WENYEWE ULIVYO

Mabaharia wa pwani wameijua puli tangu zamani. Wao huiita roda, nayo ndiyo ipandishayo tanga la jahazi. Puli ya mkanda wa nafaka ni ndugu yake mkubwa. Ni pipa la chuma lililolazwa, lenye mhimili katikati, na mhimili huo unakaa juu ya beringi mbili, moja kila upande.

Mkanda mmoja huwa na puli kadhaa, na kila moja ina kazi yake. Puli ya kichwa huwekwa mwisho wa safari, mahali nafaka inapomwagikia, na mara nyingi ndiyo inayofungwa mota. Puli ya mkia huwa mwanzo, mahali nafaka inapopakiwa. Puli ya kukazia huvutwa kwa skrubu au kwa jiwe la uzito ili mkanda usilegee. Katika mitambo mingine kuna puli ndogo karibu na ile ya kichwa, ambayo husukuma mkanda ili uikumbatie puli kubwa zaidi. Kati ya kichwa na mkia kuna safu ya vigurudumu vyembamba viitwavyo rola, ambavyo kazi yao ni kuubeba mkanda usining'inie.

Mikanda ya namna hii haipatikani Eldoret tu. Katika bandari ya Mombasa nafaka itokayo melini huchukuliwa kwa mikanda mpaka kwenye maghala. Viwanda vya chai vya Nandi, jirani wa Kesses, navyo huitumia kuchukua majani kutoka mashine moja hadi nyingine. Kanuni za kutunza puli ni zile zile kila mahali, na mtu aliyejifunza katika kiwanda kimoja hatapotea katika kingine.

KWANZA USALAMA

Kabla ya kusema juu ya spana na grisi, yapasa kusema juu ya mkono wa binadamu. Mahali mkanda unapokutana na puli pana kinywa chembamba. Kitu chochote kiingiacho hapo huvutwa ndani. Mikanda mingi ya nafaka huenda kwa mwendo wa mita 2 au zaidi kwa sekunde. Mtu akishikwa kidole, hupita kama robo ya sekunde kabla ya mwili wake kuanza kujivuta, na katika muda huo mkanda umekwisha kwenda nusu mita. Maana yake mkono umefika kiwiko. Hakuna mtu mwenye nguvu za kushindana na mota, wala hakuna mwepesi wa kuikimbia.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: puli isishikwe, isifagiliwe, isipakwe kitu wala kukwanguliwa wakati mkanda unakwenda. Atakaye kuitengeneza na afuate hatua hizi kwa taratibu:

1. Awaarifu wote wafanyao kazi karibu kwamba mtambo utasimamishwa.
2. Azime mota, kisha azime swichi kuu.
3. Atie kufuli katika swichi kuu, na ufunguo aweke mfukoni mwake mwenyewe. Wakiwa mafundi watatu, kila mmoja atie kufuli lake.
4. Alegeze jiwe la uzito au alizuie kwa nguzo, maana mkanda uliokazwa waweza kurudi nyuma kwa nguvu hata kama umeme haupo.
5. Abonyeze kitufe cha kuwashia, ili ahakikishe kwamba mtambo hauwaki kweli.

Hatua ya tano ndiyo ambayo wengi huiruka, nao huiruka kwa sababu wanaiamini swichi. Lakini waya zinaweza kuwa zimefungwa vibaya, na swichi iliyoandikwa jina la mkanda huu yaweza kuwa ya mkanda mwingine.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamlazimu mwenye mtambo kufunika kwa kinga sehemu za mashine zinazoweza kuumiza. Wavu wa chuma unaofunika kinywa cha puli usiondolewe kwa ajili ya kurahisisha kazi. Ukiondolewa kwa matengenezo, urudishwe kabla kufuli halijatolewa. Nguo zinazopepea, mitandio, na kamba za makoti zisiletwe karibu na mkanda.

MKANDA UKITELEZA

Kasoro iliyo ya kawaida sana ni puli kuzunguka huku mkanda haufuati sawasawa. Dalili zake ni sauti ya mlio mwembamba, harufu ya mpira unaoungua, na nafaka kurundikana mahali pa kupakia.

Pana njia rahisi ya kulipima jambo hili bila chombo cha gharama. Puli ya kichwa huzungushwa na mota, lakini puli ya mkia huzungushwa na mkanda tu. Zikiwa na upana mmoja wa duara, yapasa zizunguke sawa. Fundi na aweke alama ya chaki pembeni mwa kila puli mtambo ukiwa umefungwa kufuli, kisha auwashe na kuhesabu kwa saa, akiwa amesimama nje ya kinga. Ikiwa ya kichwa inazunguka mara 60 kwa dakika na ya mkia mara 54, basi mkanda unapoteza mizunguko 6 katika kila 60, yaani 10 kwa mia. Kiasi hicho chote kinageuka kuwa joto na kula mpira.

Sababu za kuteleza ni nne hasa. Ya kwanza ni mkanda kulegea. Mpira hunyooka kwa kazi, hasa mkanda mpya katika majuma ya kwanza, na skrubu za kukazia zapaswa kukazwa kidogo kidogo, pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Lakini si vema kukaza kupita kiasi. Mkanda uliokazwa mno huvuta mihimili na kuua beringi kabla ya wakati, na fundi hujikuta ameponya homa kwa kuvunja mguu.

Sababu ya pili ni kuchakaa kwa kivazi cha mpira kilichozungushiwa puli ya kichwa. Kivazi hicho huwa na mifereji ya kutolea maji na mavumbi. Mifereji ikiisha, puli huwa laini kama sahani. Ya tatu ni unyevu au mafuta yaliyodondoka juu ya mkanda. Ya nne ni mzigo kuzidi, au mkanda kuwashwa ukiwa umejaa nafaka baada ya umeme kukatika.

Msomaji aweza kuuliza: kivazi cha mpira kina msaada gani? Mfano wake ni baharia wa Lamu afungapo jahazi gatini. Akiizungusha kamba kwenye gogo mara mbili tatu, mtu mmoja aweza kuzuia chombo kizima, kwa sababu kamba imelikumbatia gogo pakubwa na kulishika. Puli nayo ni vivyo hivyo. Puli ya chuma kitupu, iliyokumbatiwa na mkanda nusu ya duara, yaweza kuvuta upande mmoja kwa nguvu kama mara 2 kuliko upande uliolegea, kabla mkanda haujateleza. Ikivikwa mpira mzuri, hufika kama mara 3. Ikiongezwa ile puli ndogo ya kusukuma mkanda, hata kukumbatia kukafika nyuzi 210 badala ya 180, hufika mara 3 na nusu. Kwa hiyo fundi mwenye busara hutazama kwanza kivazi na eneo la kukumbatia, ndipo ashike skrubu za kukazia.

MKANDA UKIENDA UPANDE

Kasoro ya pili ni mkanda kuacha katikati na kukimbilia ukingo. Ukiachwa hivyo husugua fremu ya chuma, kingo zake huchanika nyuzi, na nafaka humwagika chini kwa kilo nyingi bila mtu kuhesabu. Hasara ya mkulima na ya ghala hulala hapo sakafuni, ikisubiri panya.

Kabla ya kugeuza boliti yoyote, mtu atazame kwa subira mkanda ukiwa mtupu, kisha ukiwa na mzigo, na ajiulize maswali matatu.

Je, mkanda wote huenda upande kila ufikapo mahali pamoja? Kama ndivyo, kosa liko katika mtambo mahali hapo: rola imekaa mshazari, puli haiko sawa, au uchafu umeganda.

Je, ni kipande kile kile cha mkanda kiendacho upande kila kipitapo, mahali popote? Kama ndivyo, kosa liko katika mkanda wenyewe. Mara nyingi kiungo chake hakikukatwa sawa kwa pembe mraba, na hakuna skrubu itakayoliponya kosa hilo. Kiungo kikatwe na kufungwa upya.

Je, mkanda hukaa vizuri ukiwa mtupu na kuhama ukipakiwa? Basi nafaka haimwagiki katikati. Kinachohitaji kutengenezwa ni mdomo wa kupakia, wala si puli.

Ikionekana kwamba kosa ni la puli, mambo mawili yafaa kukumbukwa. La kwanza ni kwamba mkanda huelekea upande wa puli unaougusa mapema. Kwa sababu hiyo, upande mmoja wa puli ya mkia ukikazwa kuliko wa pili, mkanda hukimbilia upande uliolegea. La pili ni kwamba mkanda hupanda penye unene. Ndiyo maana mafundi huzifanya puli nyingine zivimbe kidogo katikati, ili mkanda urudi katikati wenyewe. Lakini vumbi la mahindi lililolowa likiganda upande mmoja wa puli, nalo hufanya uvimbe wake, na mkanda hulifuata vumbi hilo kana kwamba limewekwa na fundi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni usafi. Puli ikwanguliwe mpaka chuma au mpira uonekane, mtambo ukiwa umefungwa kufuli. Kikwangulio kilicho chini ya puli ya kichwa kikaguliwe kama bado kinagusa mkanda. Mbele ya puli ya mkia huwekwa ubao wa mpira wenye umbo la kichwa cha mshale, ambao husukuma nje punje zilizoangukia upande wa ndani wa mkanda. Ubao huo ukiisha, punje husagwa kati ya mkanda na puli, na unga wake hugandamana.

Kazi ya pili ni kupima. Uvutwe uzi katikati ya mtambo toka kichwa mpaka mkia, na mihimili ya puli zote ikae juu ya uzi huo kwa pembe mraba. Kisha zipimwe pembe za mshazari: toka beringi ya kushoto ya kichwa mpaka ya kulia ya mkia, na toka ya kulia mpaka ya kushoto. Vipimo hivyo viwili vikiwa sawa, na fremu ikiwa na upana mmoja kichwani na mkiani, puli hazikupinda. Pimamaji iwekwe juu ya kila mhimili kuona kama umelala sawa.

Puli zikiisha kuwekwa sawa, ziachwe. Marekebisho madogo ya mkanda yafanywe kwa rola chache zilizo kabla ya mahali unapoanza kuhama, kwa kusogeza ncha moja milimita chache. Baada ya kila sogezo, mkanda uachwe uzunguke mara kadhaa kabla ya kuamua. Fundi mwenye haraka hugeuza rola tano kwa mara moja, na baadaye hajui ni ipi iliyoponya na ipi iliyoharibu.

BERINGI ZIKIPATA MOTO

Beringi ni ndogo, imefichwa, na bei yake si kubwa ukilinganisha na ya mkanda. Lakini katika ghala la nafaka ndiyo yenye hatari kupita zote.

Tarehe 8 Juni 1998, karibu na mji wa Haysville katika jimbo la Kansas, Marekani, ghala kubwa sana la nafaka lililipuka. Watu 7 walikufa na wengine 10 walijeruhiwa. Wakaguzi walipochunguza waliona kwamba beringi ya rola moja ya mkanda, ndani ya njia ya chini ya ardhi, ilikuwa imekauka grisi na kukwama. Rola ikaacha kuzunguka, lakini mkanda ukaendelea kupita juu yake. Msuguano ukaitia rola moto, na moto ukashika mavumbi. Chanzo cha msiba huo kilikuwa beringi isiyotiwa grisi.

Watu wa shamba huenda wakashangaa kwamba vumbi la mahindi au ngano laweza kulipuka kama petroli. Gogo huwaka polepole, lakini takataka za randa huwaka upesi, kwa sababu hewa inazigusa kila upande. Vumbi la nafaka ni dogo kuliko takataka za randa mara nyingi. Likipeperuka hewani ndani ya chumba kilichofungwa, na cheche moja ikapatikana, huwaka lote kwa pamoja, na hewa iliyopata joto hupasua kuta. Kisha mshindo wa kwanza hutikisa mavumbi yaliyolala juu ya mihimili na madirisha, nayo hupeperuka na kulipuka mara ya pili kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu sheria ya Marekani inataka, katika sehemu za hatari za maghala, vumbi liondolewe likizidi unene wa milimita 3 hivi.

Beringi inayougua hutoa dalili mapema. Husaga kama mtu atafunaye mchanga, hutetemeka, au hupata joto kuliko mwenzake wa upande wa pili. Kulinganisha beringi mbili za puli moja ndiko kupima kwema, maana zinafanya kazi sawa na zapaswa kuwa na joto lililo karibu sawa. Kipimajoto kisichohitaji kugusa hupatikana siku hizi katika maduka ya vifaa vya umeme, na mtu aweza kupima akiwa nje ya kinga. Joto likizidi nyuzi 70 za sentigredi fundi aanze kutafuta sababu, na likikaribia 90 mkanda usimamishwe.

Grisi nayo ina kipimo chake. Wengi hudhani kwamba nyingi ni bora, lakini beringi iliyojazwa kupita kiasi huchemka kama iliyokauka, kwa sababu grisi hukorogwa bila nafasi, na mwishowe hupasua mihuri ya kuzuia vumbi. Kipimo kitumikacho sana ni hiki: kipenyo cha nje cha beringi kwa milimita, mara upana wake kwa milimita, mara 0.005, na jibu ni gramu. Beringi ya kipenyo cha milimita 100 na upana wa 30 itahitaji gramu 15. Ili kujua bomba la grisi hutoa kiasi gani, lisukumwe mara 10 juu ya karatasi, grisi ipimwe katika mizani, na jibu ligawanywe kwa 10. Kichwa cha nipeli kifutwe kwa kitambaa kabla ya kutia, la sivyo vumbi huingia pamoja na dawa. Tena grisi za namna mbili zisichanganywe ovyo, maana nyingine zikikutana huyeyuka na kutoka.

Mhimili wenyewe ukaguliwe mahali uingiapo katika puli. Ufa mwembamba hapo, au kutu nyekundu kama unga, ni ishara kwamba chuma kimechoka au puli imelegea juu ya mhimili. Puli ya namna hiyo isingojwe mpaka mavuno yaishe.

VINU VYA POSHO VIJIJINI

Haya hayawahusu wafanyakazi wa maghala peke yao. Katika masoko madogo ya Kesses, kinu cha posho huzungushwa na injini ya dizeli au mota ya umeme kwa mikanda na puli, ingawa mikanda yake ni myembamba na hukaa katika mifereji. Mwenye kinu na ayashike mambo manne.

Puli ya injini na puli ya kinu zikae katika mstari mmoja. Uzi ukivutwa ubavuni mwa puli zote mbili uguse kingo zote nne, ikiwa puli hizo zina unene sawa. Mkanda ubonyezwe kwa kidole gumba katikati, injini ikiwa imezimwa. Kwa kila sentimita 60 kati ya puli na puli, uingie ndani kama sentimita moja. Ukiingia zaidi umelegea, na usipoingia umekazwa mno. Mikanda ikiwa mitatu na mmoja ukakatika, ibadilishwe yote, maana mpya utavuta peke yake na mizee itapanda tu bure. Mkanda ukizama hata kugusa sakafu ya mfereji, puli imeliwa. Kununua mkanda mpya kwa puli iliyoliwa ni kutupa fedha.

Zaidi ya yote, mikanda ya kinu ifunikwe. Watoto huja na debe la mahindi, na akina mama husimama karibu wakiwa na leso begani. Kinga ya wavu au mbao yaweza kutengenezwa na fundi wa kijijini kwa siku moja.

DAFTARI NA RATIBA

Kazi ya kutunza haifanywi kwa kukumbuka. Hufanywa kwa daftari. Kila siku kabla ya kuwasha, mtunza mkanda aupitie toka mkia mpaka kichwa, akitazama nafaka iliyomwagika, akisikiliza sauti, na kuona kama rola zote huzunguka. Kila juma apime joto la beringi na kuliandika, afagie mavumbi, na kutazama kikwangulio. Kila mwezi apime kuteleza kwa kuhesabu mizunguko, na kukagua kivazi cha puli. Grisi itiwe kwa ratiba ya mtengenezaji, na mara nyingi zaidi mahali penye vumbi.

Kazi kubwa, kama kubadili beringi, kuvika puli mpira mpya na kuipima mihimili kwa uzi, ifanywe kati ya Februari na Septemba, wakati wakulima wa Kesses wanapolima, kupanda na kupalilia. Puli moja ya akiba, ikiwa tayari na beringi zake, ihifadhiwe pakavu na kugeuzwa kidogo kila mwezi, ili uzito usilale juu ya gololi zile zile.

Faida ya daftari huonekana baada ya miezi. Beringi iliyoandikwa nyuzi 45 mwezi wa Juni, 52 mwezi wa Julai, na 61 mwezi wa Agosti, bado haijafika mahali pa hatari, lakini fundi aliyeandika ajua inakoelekea. Ataibadilisha Septemba kwa saa chache. Asiyeandika ataibadilisha Novemba, usiku, mvua ikinyesha, malori yakipiga honi langoni. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ghala la nafaka ufa wenyewe mara nyingi huanza katika beringi ya milimita 100 iliyokosa gramu 15 za grisi.